Krimu ya Papa Adrien

Mimi sipaki uso ambao haujaandaliwa. Watu wa Hewa Bora, mtaa wetu hapa Lubumbashi, wananijua kwa hilo, na wako wanaosema kwamba Martine ana mdomo mkali. Waache waseme. Bibi harusi anayenijia siku mbili kabla ya ndoa, uso umemkauka kwa vumbi la kiangazi, namrudisha kwao. Nataka majuma matatu. Katika majuma hayo ngozi inaoshwa kwa upole, inapata maji na usingizi, na siku yenyewe poda inakaa juu yake bila kupasuka. Ndiyo maana kila bibi harusi nampa karatasi ya mambo ya kununua na kufanya, niliyoiandika kwa mkono wangu.

Émerance alikuja mwezi wa saba, akisindikizwa na baba yake. Hilo lilinishangaza. Kwa miaka kumi na minne nimepokea mama wa bibi harusi, shangazi, dada, na marafiki wasiojua kunyamaza. Baba nilikuwa sijapata kumpokea. Papa Adrien ni mtu wa Butembo aliyehamia Lubumbashi zamani, anauza mchele na maharagwe kwa jumla. Alikaa kwenye kiti changu cha plastiki, kofia juu ya magoti, akanieleza shida yake bila kuzunguka.

"Mama yake alikufa, sasa ni miaka sita. Njo mimi niko papa, niko tena mama. Mutuambie bintu byote byenye mama angefanya. Mimi nitafanya."

Émerance alitazama chini akitabasamu. Ni mwalimu wa darasa la pili, msichana mwenye ngozi nyeusi safi, ya kuonewa wivu. Nilimwambia baba yake kwamba pale kazi ni kidogo. Niliandika ile karatasi mbiombio, maana kulikuwa na mteja mwingine amekaa na nywele mbichi, ananinung'unikia. Mimi nina tabia ya kukata maneno ninapoandika. Sabuni laini, savon doux, nikaandika "sav. doux." Krimu ya kulainisha ikawa "crème hydr." Na kwa siku kumi za mwisho nikaweka krimu ya kuupa uso nuru, crème éclat. Papa Adrien aliikunja karatasi mara nne akaitia kwenye mfuko wa shati.

Siku sita kabla ya ndoa Émerance alirudi peke yake asubuhi, amejifunika kitenge mpaka machoni. Alipokiondoa nilimshika kidevu, nikamgeuza kwenye mwanga. Mashavu yalikuwa yamevimba na kuwa mekundu, na lile la kushoto lilikuwa limebambuka, linatoa maji, kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe. Ni kope na midomo tu iliyobaki salama.

Nikaanza kumfokea.

"Nani alikupa mekako, ile dawa ya kujichubua? Wee mwalimu muzima, unafundisha batoto ya bantu, na unajichoma sura mbele ya mariage? Bwana yako alisema anataka muzungu?"

Émerance alifungua mkoba wake, akatoa tyubu yenye maandishi ya dhahabu. Ilikuwa moja ya zile krimu kali za kuchubua rangi, na jina lake lilikuwa wazi: crème éclaircissante. Kando yake akaweka karatasi yangu.

"Ni ile muliandika, mama Martine. Papa alienda nayo ku marché. Muuzaji njo alimusomea. Mi niliona jina ku tyubu, nikaogopa, lakini nikajiambia, mama Martine ndiye anajua."

Niliichukua ile karatasi. Tangu shule ya msingi herufi yangu ya t ni fupi na haina msalaba, inafanana na i. Ma-sœur, mtawa aliyetufundisha, alinipiga vidole kwa ajili hiyo na haikusaidia kitu. Neno "éclat" lilikuwa linasomeka "éclai", na mbele yake mkono wangu wenye mazoea ulikuwa umeweka nukta. Muuzaji aliona neno lililokatwa, akalimalizia mwenyewe kuwa éclaircissante. Sikuweza kumlaumu sana. Katika karatasi ile nilikuwa nimekata karibu kila neno.

Mdomo wangu mkali ukafungwa. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

"Ilianza kuungua siku gani?"

"Ya tatu."

"Sasa juu ya nini haukuacha?"

"Kila jioni, kiisha kula, papa anabisha ku mulango yangu. Anauliza, Mérance, umepaka? Namujibu, ndiyo papa. Anasema, mama yako angefurahi." Akakikunja kitenge magotini. "Mi ningemuambia nini?"

Uso ulipoharibika kabisa, akamdanganya baba yake kwamba nimekataza mtu yeyote asiuone mpaka siku ya ndoa. Anakula chumbani, anapita uani amejifunika. Papa Adrien amekubali bila swali, tena anawaambia wageni kwa fahari kwamba kazi ya Martine ina sheria zake.

"Munifunike na fond de teint, ile krimu ya rangi ya ngozi, mama," Émerance akasema. "Mutie mingi. Papa asione kitu. Akijua ni yee njo alinunua ile kintu, kila saa ataangalia photo ya mariage, atasema ni mikono yangu. Apana, mama. Minawaomba."

Nilimpeleka kwanza kwa daktari wa ngozi. Alimtazama kwa taa, akaandika marhamu, akasema krimu ile isiguswe tena. Macho na midomo naweza kupaka. Mashavuni kusiwekwe chochote mpaka ngozi mpya ifunge, na hiyo si kazi ya siku sita. Tukifunika kidonda, alama inaweza kubaki maisha yake yote. Nje, kwenye korido, Émerance aliniambia kwamba yeye anachagua alama.

Nitasema ukweli. Kwa siku mbili nilifikiria kumtii. Ninayo fond de teint inayoweza kufunika hata kosa la Martine, na hilo ndilo lililokuwa linanivuta, zaidi ya maombi ya yule mtoto. Baba asingejua, na mimi nisingeulizwa. Siku ya tatu niliona aibu hata kujitazama kwenye kioo cha kazi yangu. Nikakata shauri, nikaenda kwenye dépôt ya Papa Adrien, ghala lake la mchele.

Nilimkuta amesimama kati ya magunia. Nilimwonyesha karatasi, nikamwonyesha ile t na nukta yake, nikamweleza kila kitu, pamoja na kilio cha Émerance. "Kosa ni yangu, papa. Iko ya mukono yangu. Munitukane vile munataka."

Hakunitukana. Alifungua kifungo cha mkono wa shati, akaupandisha mpaka kwenye kiwiko. Ndani ya mkono palikuwa na baka jeupe, lenye ukubwa wa kizibo cha chupa.

"Nilijaribu kwanza kwangu," akasema. "Mama yake, mutoto akiwa mudogo, alikuwa anaonja maziwa ku mukono mbele ya kumupatia. Nikasema, na mimi nionje. Niliona haiungue. Sikujua ngozi yangu mimi ilishakuwa ya magunia."

Alifunga dépôt saa saba mchana, jambo ambalo nadhani hajawahi kulifanya, tukaenda nyumbani kwake.

Alibisha mlango wa chumba. "Mérance, fungua. Mama Martine aliniambia yote."

Mlango ukafunguliwa, na Papa Adrien akaondoa kile kitenge mwenyewe, taratibu.

"Iliuma?"

"Kidogo."

"Usinidanganye tena."

"Iliuma sana, papa."

Papa Adrien akauliza marhamu iko wapi, akaenda kunawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Nilimwonyesha namna ya kufanya: usisugue, gusa tu na uache. Vidole vile vizito vinavyonyanyua magunia vilitua juu ya shavu la binti yake. Émerance alifumba macho. Nilitoka nje nikawaacha, maana hawakuwa na haja yangu. Tangu siku ile alimpaka asubuhi na jioni, na akaacha kuuliza kupitia mlangoni.

Siku ya ndoa shavu la kulia lilikuwa limetulia. La kushoto lilikuwa limekauka maji, lakini bado lilikuwa jekundu, na ukingo wake unabambuka. Nilimpaka wanja, nikampaka midomo rangi ya divai, nikaacha mengine yote kama yalivyo. Sijawahi kutumia vitu vichache hivyo, wala kuchukua muda mrefu hivyo. Papa Adrien alisimama nyuma yangu akiwa na suti ya kijivu.

"Ku église nimushike upande gani?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Juu mimi niko munene. Naweza kumufichaka."

"Kushoto," nikamwambia.

Mbele ya mlango wa kanisa alijipanga kushoto, mabega yote wazi, akajipanua kuliko alivyo. Kinanda kikaanza. Ndani watu waligeuka wote kwa pamoja. Yannick, bwana harusi, alikuwa mbele kule anajinyoosha shingo. Nilikuwa nyuma yao nikishika mkia wa gauni, na nilimsikia Émerance vizuri.

"Papa, pita huku."

"Kule bataona shavu."

"Baone. Ni shavu yenye papa yangu alipakaa dawa."

Akamwachia mkono, akamzunguka, baba akawa kulia kwake. Wakaingia hivyo, shavu jekundu likiwaelekea watu wa kushoto wote, safu kwa safu. Wako walionong'ona, niliwasikia. Émerance hakupunguza mwendo. Papa Adrien, ambaye sikumwona akilia dépôt wala nyumbani, alianza kulia kabla ya safu ya tatu, na hakuweza kuacha. Katikati ya kanisa binti yake alisimama, akavua glovu moja nyeupe, akamfuta baba yake uso, taratibu, bila kusugua, akigusa tu na kuacha.