Hesabu ya Kwenye Ngazi

Mtu aliyebeba wagonjwa kwa miaka kumi na sita hafundishwi kubeba. Ndivyo alivyojiona Winchi, na jina hilo alipewa kazini kwa jinsi alivyokuwa akiinua watu wazima kama anayeinua mito. Sasa alisimama mbele ya darasa, mkanda mpana wa mgongo ukimbana chini ya shati. Waajiriwa wapya kumi na mmoja walimkodolea macho. Somo likienda vizuri, mkuu wa kituo cha magari ya wagonjwa angemsainia barua ya ukufunzi. Likienda kombo, basi tena, arudi nyumbani akauguze mgongo hadi uzeeni.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mkewe alimwambia asubuhi akimkaza mkanda huo. "Ila baba watoto, leo punguza maneno."

Hakupunguza hata moja.

"Miezi kumi iliyopita," aliwaambia, "mimi na dereva wangu tulikuwa tunamteremsha mzee mmoja kutoka ghorofa ya tatu. Lifti mbovu, ngazi nyembamba. Tukaweka machela chini tupumzike. Sheria mnaijua: aliyeko upande wa kichwa ndiye anayehesabu, na hakuna mkono unaoinua mpaka tatu itoke mdomoni mwake. Mimi nilihesabu vizuri. Mwenzangu yeye akachelewa, sijui alikuwa anawaza nini. Uzito wote ukaja kwangu. Mgongo ukalia ka! Yule mzee alitua salama, akaniuliza kama nimeumia."

Darasa likacheka. Winchi akapata raha.

Dereva huyo ndiye waliyemwita Shangazi, kwa umri wake na kwa kukaripia kwake. Tangu siku ya kwanza alisema hesabu haikumalizika. Lakini Winchi alikuwa kitandani anaugulia maumivu, na nani atabishana na mtu anayelia? Winchi akaaminiwa. Shangazi akaondolewa kwenye gari la wagonjwa, akapelekwa stoo ya nyuma kuosha machela na kukunja mashuka. Winchi alimwita mwongo mbele ya watu, na kuanzia hapo hakumpa hata shikamoo.

Kumbe siku ile kitufe cha redio ya mawasiliano ya Shangazi kilibanwa na reli ya ngazi, na mitambo ya chumba cha simu za dharura ikanasa kila kitu. Hakuna aliyeitafuta sauti hiyo kwa kuwa neno la Winchi lilitosha. Winchi alipodokezwa na mpokea simu wiki iliyopita, akaiomba mwenyewe aje kuifundishia. Kuisikiliza kwanza hakuisikiliza. Ya nini, na yeye mwenyewe alikuwepo? Nyani haoni kundule, na huyu wetu hata kugeuka hakugeuka.

Akabonyeza kitufe cha kuianzisha.

Spika ikakwaruza. Vishindo vya viatu. Pumzi nzito. Kisha sauti ya mwanamke, "Ngoja nishushe mguu, bado sijakanyaga." Halafu sauti ya mwanamume, ya haraka, yenye kiburi cha mtu anayejua kazi: "Moja, mbili..."

Ukelele ukafuata. Tatu haikuwepo.

"Hujamaliza!" sauti ya mwanamke ililia. "Jamani, hujamaliza kuhesabu!"

Winchi alisogea karibu na spika. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena, akiitafuta ile tatu kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Moja, mbili, ukelele.  Miezi kumi ameisikia tatu hiyo kichwani, ameilalia na kuamka nayo, ameiapia. Hakuwahi kuitamka.

"Mwalimu," alisema dada mmoja wa mstari wa mbele, "mbona mwenye kosa ni aliyehesabu?"

Kabla hajajibu mlango ukafunguka. Mkuu wa kituo aliingia na barua mkononi, mama mwenye shughuli nyingi asiyependa kukaa. "Haya, wamejifunza nini?"

"Anayehesabu amalize, mkuu," darasa likajibu kwa pamoja.

"Safi kabisa! Winchi, sijui tulikuwa tunasubiri nini. Njoo tusaini."

Kalamu ilikuwa tayari imetolewa. Mkuu hakuwa ameisikia sauti ile, na wanafunzi wasingethubutu kusema. Angenyamaza tu, mambo yakaisha. Alihisi jasho likipenya chini ya mkanda, akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mkuu, subiri," alisema. "Sikiliza hii. Huyo anayehesabu ni mimi."

Mkuu alisikiliza akiwa amesimama. Ilipokwisha, aliikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni. Hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Winchi zaidi.

"Hii itasubiri kikao," alisema. "Wewe nenda stoo kwa Shangazi. Kabla sijaenda mimi."

Shangazi alikuwa ameinamia machela, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko. Alipomwona akajinyoosha, akasubiri matusi.

"Shikamoo, Shangazi."

Alijifuta povu. "Marahaba. Kuna nini?"

"Nimeisikia sauti ya siku ile. Ilinaswa yote. Sikufika tatu. Niliinua kwenye mbili, na wewe ulishaniambia nisubiri. Nisamehe."

Shangazi aliiacha sponji ikaangukia ndooni. 

"Sikufika tatu," Winchi alirudia. "Ulisema kweli."

"Una hakika?" Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Winchi hakuwahi kuisikia kwake. "Maana mimi nilishaamini kosa ni langu. Juzi nimemwandikia mkuu barua, nimeungama kwamba ni mimi niliyekuvunja mgongo."