Swali Lililoulizwa Mbiombio

Nyumba ya Marjukka, pale Jyväskylä, mji wa Wafini, karibu na ziwa, siku hiyo ilijaa pomoni. Jikoni mumewe Osmo alikuwa anaopoa mikate ya iliki kwenye tanuri. Sebuleni waya za kompyuta zimetapakaa kila kona, na Wiebe, Mholanzi mrefu anayeinama kila akipita mlangoni, amepiga magoti chini ya meza anatafuta chaja. Sauti ya Gobnait, yule mama wa Kiairishi, ilikuwa inasikika hadi kwa jirani.

Marjukka, Wiebe na Gobnait walikutanishwa na jumuiya ya watafiti wa elimu, ile ambayo kila Septemba inakusanya watu wa nchi chungu nzima wasomeane makala, wabishane, na jioni wasengenyane. Huko ndiko walikounda kikundi chao, na kazi yake ni moja: kutazama video za madarasa ya kwao na kuhesabu sekunde. Mwalimu akishauliza swali, anamsubiri mtoto kwa muda gani kabla ya kujijibu mwenyewe au kumrukia mwingine?

Lakini siku hiyo palikuwa na jambo jingine. Kikundi kilitakiwa kuchagua mwenyekiti, na jina lifike makao ya jumuiya kabla ya saa kumi na mbili jioni. Marjukka alikuwa anautaka uenyekiti ule mpaka unamwasha. Miaka minne ndiye aliyeandika kumbukumbu za vikao, ndiye aliyebembeleza walimu wakuu wafungue milango ya madarasa. Siri yake alimwambia Osmo, dada yake, na mwanamke anayemkata nywele. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa unajua, isipokuwa Gobnait na Wiebe.

Kikao kilifanyika asubuhi. Wiebe alikirekodi kwa video, ili Marjukka aandike kumbukumbu bila kukimbizana na maneno.

"Haya jamani, uenyekiti," alisema Gobnait. "Marjukka mpenzi, unautaka? Basi, hatukulazimishi, una mambo mengi mwenzetu. Wiebe, na wewe?"

"Kama hakuna mwingine..."

"Ameshaingia! Hongera, bwana mkubwa! Tuendelee."

Marjukka alikuwa ndiyo kwanza amevuta pumzi. Kwao mtu akiulizwa jambo zito huligeuzageuza kidogo kichwani, ndipo afungue mdomo. Alipomaliza kuligeuza, wenzake walikuwa kwenye nauli za Septemba. Kuwarudisha nyuma aliona haya. Akaandika nauli.

"Mbona hukusema?" Osmo alimuuliza jikoni.

"Nilikuwa nakuja kusema."

"Unakuja kutoka wapi? Mimi nilipokuposa, nilimaliza kikombe kizima cha kahawa ndipo ukasema ndiyo."

"Na ulinisubiri."

"Ningekwenda wapi? Barabara zote zilijaa theluji."

Marjukka alicheka, akaanza kupanga sahani za chakula cha mchana.

Baada ya chakula cha mchana wageni walikwenda sauna, kujifukiza kwa mvuke, yeye akabaki na kumbukumbu zake. Akafungua video ya kikao. Gobnait alipouliza, kidole cha Marjukka kikabonyeza chenyewe kitufe cha kuhesabu sekunde, kwa mazoea tu ya kazi. Akatazama namba. Akarudisha nyuma, akapima tena. Ile ile. Kati ya "unautaka?" na "basi", haikufika hata sekunde moja.

Hapo akaikumbuka kanuni yao. Swali lisilosubiriwa kwa sekunde tatu huandikwa "halikuulizwa". Gobnait mwenyewe ndiye aliyeipigania siku mbili nzima, akagombana na kila aliyeipinga.

Walirudi wakiwa wekundu kama kamba waliochemshwa, taulo shingoni. Marjukka aliwapa karatasi ya hesabu, kama zile wanazojaza kila siku.

"Nimepata darasa jipya. Hebu nisaidieni."

Gobnait akasoma kwa sauti. "Mwalimu, mwanamke. Swali, la ndiyo au hapana. Kusubiri, chini ya sekunde... Hee! Huyu mwalimu anakimbizwa na nini? Maskini mtoto wa watu! Wiebe, andika: halikuulizwa."

Wiebe akaandika. "Sahihi yangu hiyo."

"Na yangu. Ni wa wapi huyu? Naapa si wa kwetu."

Marjukka akawasha video. Sauti ya Gobnait ikajaa sebule: "Marjukka mpenzi, unautaka? Basi..."

Wiebe alianguka kwenye kochi, miguu juu, anacheka bila sauti. Gobnait akajifunika uso kwa taulo.

"Mungu wangu, ni mimi! Shoga, kumbe ulikuwa unautaka? Sema! Kwa nini huku..."

"Nyamaza!" Wiebe alimkata. "Uliza upya, kwa kanuni. Mimi nahesabu."

Gobnait akajiweka sawa. "Marjukka. Unautaka uenyekiti?"

Kimya. Sekunde ya pili, Gobnait akauma taulo. Ya nne, akaanza kugongagonga mguu. Ya sita, macho yalimtoka kama mtu aliyemeza mfupa. Osmo alisimama mlangoni na sinia, hata kupumua hapumui.

"Nautaka," alisema Marjukka sekunde ya saba. "Nimeutaka miaka minne. Na nina mipango."

Akaanza kuieleza mipango, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyepata pa kuchomeka neno.

"Afadhali," Wiebe alisema alipopata upenyo. "Mimi nina mapacha wanaota meno. Mke wangu angenifungia nje."

Saa kumi na moja na nusu Marjukka aliandika jina lake, akalisoma mara mbili kwenye skrini, akalituma. Gobnait alikuwa ameshafika dirishani, anamtangazia jirani aliyekuwa anapalilia maua yake, kwa Kifini chake cha maneno matatu, mawili kati yake ya kuagizia bia. Jirani akapunga koleo na kupiga vigelegele vya kwao. Hakuuliza lolote, alikuwa anaingojea habari hiyo tangu mwaka juzi.