Waliohama Kinywani mwa Marta

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, Jailos wa zahanati aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa jiko la Marta, akamwambia apanue kinywa, akamwekea kidonge cha manjano juu ya ulimi. Akishameza, alimmulika kwa tochi chini ya ulimi na nyuma ya magego, asije akawa ameficha. Kisha alitoa kadi, akaandika neno moja, Endelea, akapanda baiskeli yake na kuteremka kuelekea barabara ya Mbeya. Alikuwa mtu mpole, na hakuwahi kuchelewa hata siku moja.

Neno hilo aliliandika kwanza daktari wa hospitali moja ya Iringa, mwaka 1974, Marta alipolazwa huko miezi minane kwa jeraha la jembe lililooza mpaka kwenye mfupa. Madaktari wengine walitaka kuukata mguu. Msumeno Marta aliuona kwa macho yake. Daktari yule akasema ajaribu dawa kwanza, na dawa ikafaa. Akaandika kwenye kadi: Endelea mpaka nitakapoandika acha. Halafu akahamishwa, na hakuna aliyejua kapelekwa wapi. Mguu ulipona kabisa, ukawa unapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, lakini kadi ni kadi.

"Mama, mimi ruhusa yangu ni kuandika endelea tu," Jailos alimweleza. "Acha ni ya daktari. Na ukiacha mwenyewe unaandikwa mtoro. Mguu ukivimba tena, nani atakupokea?"

Marta aliukumbuka msumeno, akameza.

Kilichomuuma kuliko mguu ni kaka yake, Anyitike. Walizaliwa tumbo moja, na nyumba zao zilitazamana, kijito katikati. Kwa miezi minane yote basi la Iringa lilipita karibu na mlango wa Anyitike kila siku, naye hakupanda hata mara moja, wala hakutuma salamu. Marta aliporudi, walipeana mikono nje ya kanisa kama watu waliojuana juzi. Hakumuuliza. Alitaka kaka aanze mwenyewe, aseme kwa nini hakuja. Hilo tu.

Mwezi wa ishirini wa vidonge, baada ya chai ya asubuhi, wakazi wa kinywa chake walihama. Walitoka kwa mstari juu ya mdomo wa chini, kila mmoja mdogo kuliko punje ya ulezi, wamejitwisha mikeka, vyungu na mafiga yao. Wagonjwa walibebwa kwenye machela. Hawakuwa wengi, maana wengi walikwisha kufa. Bibi aliyewatangulia alisimama kidevuni kuaga.

"Sisi tuliingia humu mama yako alipokutafunia ndizi, hujaota hata jino," alisema. "Hatujakuchoka wewe. Tumechoka na hii sumu ya kila asubuhi."

Marta aliwaambia poleni, akatuliza kidevu mpaka wa mwisho aliposhuka.

Balozi wa nyumba kumi, mzee Andendekisye, aliwakuta wakivuka kijito juu ya ganda la mgomba, akawadai barua ya uhamisho. Hawakuwa nayo. Akawauliza wanakwenda kwa nani. Wakasema kwa Anyitike, kwa kuwa wana ndugu kinywani mwake, wa mama yuleyule na ndizi zilezile. Balozi aliona sababu hiyo inatosha. Katika daftari lake aliwafuta upande wa Marta, akawaandika upande wa Anyitike.

Kinywa kilichobaki kitupu hakikukaa kitupu. Uliingia ukungu mweupe, bila hodi, ukaota ulimini kama ule wa mkate uliosahauliwa, ukatambaa mpaka kooni. Dawa haikuufanya kitu. Chai ilimchoma Marta, na ndizi zikawa na ladha ya kijiko. Alikonda. Jailos alimulika, akatazama kwa muda, akaandika Endelea.

Mwezi wa Machi, mvua zikiwa zimeshika, Tusekile, binti wa Anyitike wa miaka minne, alipatwa na homa. Zahanati ilimpa ilichokuwa nacho. Siku ya tano hakuweza kumeza hata uji. Ukoo ulikaa kikao kifupi, kwa sababu mwenye kinyongo alijulikana. Katika milima ile, homa isiyosikia dawa huhesabiwa kuwa ya kinyongo cha ndugu, na ndugu aliyekosewa hukisema kinyongo chake chote mbele ya aliyemkosea, akaombwa radhi, kisha hunywa funda la maji na kulipuliza juu ya mgonjwa. Mchungaji aliijua desturi hiyo, na siku za namna hiyo alikuwa na safari.

Marta alikuja mbiombio. Alimpenda mtoto yule. Na moyoni, tuseme ukweli, alifurahi pia: leo Anyitike angemjibu. Alianza, "Kaka, nilipokuwa Iringa..."

"Ngoja kwanza," alisema balozi Andendekisye, ambaye hakuwa amesahau alichokiandika. Alimpa Marta maji ayapulize, waone. Maji yalitoka kama yalivyoingia, yananuka zahanati, yakateleza kwenye paji la mtoto kama kwenye jani la gimbi.

"Maji haya hayana mtu," alisema balozi. "Anyitike, hebu panua."

Anyitike alipanua. Yule bibi, akiwa amekaa kwenye fizi, alikiri kuwa wao ndio watu wa Marta.

"Basi watasemea humohumo walimo," balozi aliamua.

Anyitike akasimama katikati ya nyumba. "Kaka, hukuja Iringa," alijiambia. "Pole dada, kazi zilinibana," akajijibu. "Ndaga, asante kaka, yamekwisha," akajisamehe. Akanywa funda, akalipuliza. Paji la Tusekile lilipoa kabla maji hayajakauka, na mtoto akaomba uji.

Wanawake walipiga vigelegele. Marta alimpakata mtoto akalia kwa furaha, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Kisha akainua uso.

"Mimi sijasema bado," alisema.

"Si umeshanisamehe, dada," Anyitike alimjibu kwa upole. "Wote wamesikia."

Balozi alithibitisha kwamba shauri limefungwa. Mvua ilikuwa imepungua, na watu walitaka kwenda kupalilia.

Asubuhi iliyofuata Marta aliketi mlangoni akitazama ng'ambo ya kijito, ambako moshi ulitoka jikoni kwa kaka yake. Jailos aliegemeza baiskeli. Marta alikuwa amelipanga neno lake tangu alfajiri, lote, kuanzia basi la kwanza mpaka la mwisho, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia, aliamua kumwambia yeye. Akafungua kinywa. Jailos akaweka kidonge, akasubiri ameze.