Fomu ya Mita Ishirini na Nne

Jumatatu asubuhi mshona nguo aliifunika cherehani yake mbovu, akatia tepu shingoni, akaenda kutafuta mkopo wa miaka miwili. Alikuwa na oda ya sare mia mbili za shule. Bila cherehani mpya, oda ingekwenda kwa mwingine, naye angerudi kushonea kwenye baraza za watu.

Vyama viwili vya akiba na mikopo vilitazamana barabarani. Cha kwanza kilitoza riba ya asilimia kumi na tano kwa mwaka, ikipungua kadiri deni linavyopungua. Cha pili kilitundika bango: asilimia moja tu kwa mwezi. Karani wa hapo alikuwa wifi ya mshona nguo, dada wa mumewe, aliyekwisha kumwambia kwamba kama hajui kati ya kumi na tano na moja ipi kubwa, basi kaka amejiolea hasara.

Lakini mshona nguo hanunui hata kitambaa cha leso kwa maneno. Aliipima fomu ya chama cha kwanza kwa tepu: kila mita ni shilingi moja ya riba kwa kila mia ya mkopo, mpaka deni liishe. Ikanyooka mpaka mlangoni, ikasimama: mita kumi na sita na kitu. Akavuka, akaipima ya wifi. Ikamaliza kaunta, ikashuka ngazi, ikapita katikati ya foleni. Watu wakainua miguu. Mlinzi akasogeza kiti. Ikavuka barabara, ikakoma mlangoni pa wapinzani. Mita ishirini na nne kamili.

Alirudi kaunta, magoti yana vumbi.

“Wifi, hata nikishalipa karibu deni lote, riba yenu haipungui?”

“Haipungui. Hakuna aliyewahi kuuliza.”

“Na wewe mkopo wako ulichukua wapi?”

Wifi alizigonga mihuri fomu mbili za watu.

“Ng'ambo ya barabara,” akasema.

Mshona nguo alikopa ng'ambo. Cherehani ilipofika aliipitisha mbele ya foleni, kichwa juu, anajivuna, na ni haki yake. Hakuna mwalimu wa hesabu aliyemsaidia. Fomu ilikwisha kukunjwa ikarudi drooni, bango liko palepale, na foleni ilikuwa imeongezeka watu wanane.

Mwezi uliofuata wifi alikuja kushonewa sare ya kazini, yenye maneno ya bango kifuani. Mshona nguo alimpima, akayadarizi maneno vizuri, herufi kwa herufi. Wifi akaomba apunguziwe bei, maana ni ndugu.

“Hapa pia haipungui,” alijibu mshona nguo, akakata uzi.