Mbwembwe za Renatus Kwenye Matoleo

Mwaka ule Manyara ilipomegwa kutoka Arusha ikawa mkoa wa peke yake, kila kitu kilikuwa kipya, na Renatus wa Endagikot naye akajiona mpya. Kwaya ilikuwa imenunua kinanda cha umeme, kile chenye ngoma zake humo humo ndani, kikiendeshwa kwa betri ya gari. Renatus alikishika wiki chache tu, tayari akajiita fundi. Fundi gani, jamani, asiyeweza hata kufunga betri bila kutoa cheche.

Mama yake, Bernadina, hakuuamini ufundi huo. Mwanamume mzima, alisema, jembe limeota kutu, yeye anabonyeza-bonyeza. Wakakubaliana: Jumapili mama angebeba kikapu cha mahindi kwenye maandamano ya matoleo, asikie mwenyewe. Akiridhika, Renatus anabaki na kinanda. Asiporidhika, Jumatatu anapanda basi kwenda Getanuwas kuchunga ng'ombe wa mjomba wake. Na ng'ombe Renatus aliwaogopa tangu utotoni, ingawa hiyo ilikuwa siri yake na ya ng'ombe.

Sasa, kinanda kile kilikuwa na vitufe vitatu vya hatari. Kimoja ni cha mbwembwe: ukikigusa, ngoma zinanguruma, grrrum, halafu zinarudi kwenye mwendo wake. Kingine kinazikata ngoma kwa kitambo kidogo, kisha zinaingia tena. Cha tatu kinafunga wimbo kabisa. Mwenye busara hugusa cha mbwembwe ubeti ukiisha, basi. Renatus alikuwa na mengi, lakini busara haikuwamo.

Matoleo yakaanza. Akina mama wakaingia na vikapu, wakicheza taratibu, Bernadina mbele. Renatus akagusa mbwembwe. Akina mama wote wakasimama, wakapiga magoti. Moyo ukamjaa. Kumbe anapiga vizuri kiasi hicho! Akaongeza. Wakainuka, wakasogea kidogo, wakapiga magoti tena. Akazikata ngoma, akazirudisha kwa mbwembwe ndefu, magoti. Kule altareni padri alisubiri amenyoosha mikono, mpaka akachoka, akaishusha.

Hilda, kiongozi wa sauti ya kwanza, akamsogelea. "Renatus," akamnong'oneza, "hapa ngoma ikinguruma watu wanapiga magoti. Tangu mzee Hermani na ngoma yake ya ngozi. Unataka wafike lini?"

Na Renatus alizaliwa parokia hiyo hiyo! Magoti hayo ameyapiga tangu anajifunza kutembea. Sifa zilikuwa zimemtoa akili zote.

Jasho likamtoka. Akauondoa mkono kwenye mbwembwe kwa haraka, kidole kikatua kwenye kile cha kufunga. Ngoma zikamaliza kwa fahari zote, kisha kimya. Na desturi ya pale, ngoma ikinyamaza moja kwa moja, toleo linawekwa chini. Vikapu vikawekwa pale pale katikati ya kanisa, padri akashuka mwenyewe kuyafuata matoleo. Watoto walicheka. Baltazar, mwenyekiti wa kwaya, alificha uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika. Renatus aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Baada ya misa alimkuta mama yake kwenye benchi nje, anasugua magoti. Akamwamkia upya, kana kwamba shikamoo ya pili itafuta dhambi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nikafunge mzigo wa Getanuwas?"

"Ng'ombe wa mjomba wako wamekukosea nini?"

Renatus akakaa pembeni yake. "Kwa hiyo umeridhika?"

"Niridhike na nini? Magoti yamechubuka. Baki na kinanda chako, ila hicho kidude cha kunguruma ukiguse siku ambayo mimi nimekaa."

Aliendelea kusugua. Renatus akataka kucheka, akashindwa.

"Wenzangu walishachoka," mama akasema. "Mwishoni walikuwa wanainamisha vichwa tu. Mimi nilipiga magoti mpaka chini, kila mara."

"Kwa nini, mama? Ulijua nimekosea."

"Nilijua." Akaishusha kanga kufunika magoti. "Ila nilikuona unavyotazama. Ungekuta hakuna hata mmoja anayekuitikia, ungelia pale mbele ya watu."