Mifuko Miwili ya Mteremko Mmoja

Mama mkwe wangu hajawahi kudanganya mtu maishani mwake, na hilo atakwambia mwenyewe hata kama hukumuuliza. Ndiyo maana nilishtuka kidogo nilipofungua mfuko wake pale maabara na kukuta donge la saruji iliyoganda katikati ya udongo wa malisho.

Mfuko wa shemeji yangu ulikuwa na kupe. Mzima, mnene, akitembea juu ya sinia langu kama mkaguzi.

Kazi yangu ni kupima udongo. Watu huleta mifuko, nami naukausha, naupitisha kwenye chekeche, napima chumvi, uchachu na mboji, kisha naandika kwenye fomu unafaa kwa nini. Mwaka wa kumi na mmoja huu. Udongo wenyewe haujawahi kunidanganya, ila wanaoubeba hujaribu kila wiki.

Mama mkwe ana mteremko wa nyasi chini ya mlima, nyumba yake upande wa juu, na ng'ombe wanne wanaokula humo. Mdogo wa mume wangu, ambaye tunamwita Mipango kwa sababu hajawahi kuishiwa nayo, aliamua kwamba mteremko ulimwe wote upandwe nyanya. Ng'ombe wauzwe, na mama ahamie mjini akapumzike. Akapumzike wapi? Kwangu, kwenye chumba cha pili, chenye cherehani yangu na kitanda kinachogongwa na mlango kila ukifunguliwa.

Mimi nampenda mama mkwe. Nampenda zaidi akiwa kwake.

Kikao cha familia kilifanyika sebuleni kwangu, na kwa saa nzima mama na mwanawe walirushiana maneno juu ya kichwa changu huku nikiwamiminia chai. Mume wangu ni mwalimu, na akisikia ugomvi wa kwao hukumbuka kwamba ana madaftari ya kusahihisha, basi alikuwa amekwisha kuyakumbuka. Hatimaye mama mkwe akasema, "Haya, maabara iseme. Ikisema panafaa kulimwa, lima. Ikisema malisho, uniache na ng'ombe wangu mpaka nife."

"Iseme," Mipango akaitikia.

Nikasema vizuri, nitakwenda kuchota udongo mwenyewe.

"Wewe hapana, shemeji," Mipango akasema, huku akitabasamu ili maneno yasiume. "Wewe una upande. Nani hajui kwamba hutaki mtu kwenye kile chumba cha cherehani?"

Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu nilikasirika sana. Nilimtazama mama mkwe anitetee. Alikuwa anatazama kikombe chake. Ikakubaliwa kwamba kila upande uchote mfuko wake, mimi nipime tu, nisitie mkono.

Basi Jumatatu ndipo nikaletewa kupe na saruji.

Mteremko ule naujua, nimeutembea kila likizo. Ni udongo wa kichanga ulioteremshwa na maji kutoka mlimani, punje kubwa na ndogo zimechanganyika ovyo, na changarawe zake bado zina kona kwa sababu hazijasafiri mbali. Juu pana weusi kidogo tu, wa mizizi ya nyasi. Ule wa mama ulikuwa punje safi za mviringo, zilizosuguliwa mtoni mpaka zikang'aa, na nilikumbuka kwamba jirani yake alikuwa na fundi mwashi anayemjengea ukuta. Ule wa Mipango ulikuwa mweusi kama makaa, na ulinuka zizi mpaka mwenzangu wa meza ya pili akafungua dirisha.

Ningeweza kuwapigia simu. Lakini si walisema nisitie mkono? Nikapima nilicholetewa, mpaka nukta ya mwisho, nikajaza fomu mbili na kuzigonga muhuri. Nakiri kwamba niliugonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi tulikaa kwenye benchi nyumbani kwa mama mkwe, mteremko wote ukiwa mbele yetu na ng'ombe wakila bila habari. Nilianza na fomu ya Mipango.

"Chumvi imezidi mno," nikasoma. "Samadi imezidi mno. Mche wowote utakaopandwa humu utaungua. Matumizi yanayopendekezwa: usilimwe."

Mama mkwe alipiga kofi moja kubwa. "Umesikia! Utaungua!"

Mipango alikuwa mdomo wazi. Maskini, alidhani udongo ukiwa na samadi nyingi ndivyo unavyosifiwa zaidi, akaenda kuchota pale pale ng'ombe wanapolala.

"Sasa soma wangu," mama mkwe akasema, akijiweka sawa kwenye benchi.

"Hauna mboji. Hauna mizizi. Hauwezi kuotesha nyasi, haufai kwa malisho." Nikanywa maji kidogo, kwa sababu kicheko kilikuwa kimenifika kooni. "Matumizi yanayopendekezwa: ujenzi."

Kisha nikamwona Mipango anapata mpango.

"Ujenzi?" akasema polepole. Akasimama. "Mama! Miaka yote tumekalia mchanga wa ujenzi? Tusilime basi! Tuchimbe, kuanzia hapa bandani mpaka barabarani! Kuna jamaa ana malori, subiri." Huwa kuna jamaa siku zote. Simu ilikuwa tayari sikioni.

"Weka simu chini," mama mkwe akasema.

"Maabara imesema, mama. Wewe mwenyewe ulisema maabara iseme."

"Weka hiyo simu chini! Ule mchanga si wa hapa!"

Mipango alishusha simu. "Si wa hapa, ni wa wapi?"

"Wa karibu."

"Karibu na wapi?"

Mama mkwe alivuta kanga yake mabegani. "Karibu na fundi mwashi."

Ilibidi nigeuke nitazame ukuta. Nilisikia Mipango akimwambia mama yake kwamba hakutegemea, mtu mzima kama yeye, na mama mkwe akimwuliza tangu lini mteremko wake una samadi hata miche iungue. Mipango akajitia hamnazo. Hapo nilitoa kichupa mfukoni nikakiweka kwenye benchi.

"Huyu alikuja na mfuko wako, shemeji," nikasema. "Nimemrudisha kwao."

Kupe alikuwa bado anatembea. Wote wawili walimtazama, kisha wakanitazama mimi.

"Kwa hiyo ulijua?" mama mkwe akauliza.

"Nilijua, mama."

"Na ukagonga muhuri?"

"Mlicholeta ndicho nilichopima."

Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza. Alinitazama kwa muda mrefu, na sikupenda alivyonitazama. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe, akampa mwanawe. "Chimba," akasema. "Mbele ya macho yetu."

Mipango alichimba katikati ya mteremko hadi shimo likamfika magotini. Juu palikuwa na weusi usiozidi upana wa kiganja, umeshonwa na mizizi hata jembe lilidunda. Chini ya hapo ulikuwa mchanga wa kijivu wenye changarawe, mkavu, na kuta za shimo zilianza kubomoka zenyewe bila kuguswa. Nikamwambia aulowanishe kidogo aufinyange uwe kamba, kama udongo unaoshika maji unavyofinyangika. Akajaribu mara tatu, na kila mara ukakatika mkononi. Nikampa jagi la maji amimine shimoni. Kabla hajaliweka chini, maji yalikuwa yamekwisha kunywewa.

"Yamekwenda wapi?" akauliza.

"Huko huko itakakokwenda mbolea yako," nikamwambia. "Mteremko huu umeshikwa na nyasi tu, shemeji. Ukizigeuza na jembe, mvua mbili hivi, utakuwa na mfereji badala ya shamba, na nyanya zako utazitafuta kwa jirani wa chini."

Mipango ni mtu wa mambo mengi, lakini si mjinga. Aliusugua ule mchanga kati ya vidole. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Sasa kama mama alikuwa na haki tangu mwanzo, kwa nini alidanganya?"

Mama mkwe akamwambia akanawe mikono kwanza. Mipango akaenda kunawa.

Nilihitaji mfuko wa halali wa kwenda nao maabara, na mfuko wa halali hauchotwi mahali pamoja. Unatembea shamba zima ukikata kona, unachota sehemu kumi na tano, unachanganya. Nikachukua kijiko changu cha kuchotea nikaanza kushuka. Mama mkwe akanifuata nyuma. Tulipofika shimo la nne akasema:

"Unadhani sijui ulikuwa unaogopa nini? Kile chumba ni kidogo."

Sikuwa na pa kuficha uso. "Mama, mimi..."

"Tulia. Mimi nilikiogopa kuliko wewe. Ningechota hata jivu la jikoni nikalitia kwenye mfuko, ili mradi nisirudi mle." Aliinama akang'oa jani la nyasi, akaliviringisha vidoleni. "Ule mwaka nilipougua nilikaa kwako siku tisa. Ulinipikia, ulinifulia, hata kikombe nilichonywea ulinipokonya nisikioshe. Siku tisa nzima, mwanangu. Hakuna aliyeniambia, mama, hebu nishikie hiki."

Nilikuwa najivunia zile siku tisa. Nilikuwa nimezisimulia kazini, kwa majirani, hata kwa mama yangu mzazi, jinsi nilivyomtunza mama mkwe asiinue hata kijiko. Sasa nilisimama mbele yake na aibu ikinipanda, mkono mmoja na udongo, mwingine ukihangaika na mdomo wa mfuko uliokuwa ukijifunga kila mara.

"Mama," nikasema, "nishikie mfuko."

Akaupokea. Akaufungua kwa mikono miwili, wazi kabisa, na kabla sijachota mara ya pili alikuwa amekwisha kuanza kunigombeza kwamba nachimba ovyo na namharibia nyasi.