Mchumba Aliyesikika Chumbani kwa Wendelin

...na wa kwanza kuisimulia habari ya yule binti alikuwa shangazi Kunigunda, si Mama kama wanavyodai siku hizi, Zita anakumbuka sawasawa, ilikuwa siku ya pili ya msiba wa kaka yake Wendelin, Jumatano, mwezi wa nane mwaka jana, wanasubiri mjomba apande kutoka Liuli ndipo wazike, wanawake wako mkekani wanachambua maharage, shangazi akashusha sauti, jamani, marehemu alikuwa na mtu, nimemsikia kwa masikio yangu haya, kila nikija kulala hapa binti anaimba chumbani kwake, kasauti kembamba, havuti hata pumzi, na lugha si Kimatengo, si Kinyasa, sijui kaitoa wapi huyo, wanawake wakaguna, mmoja akasema kumbe Wendelin mpole mpole hivyo, na Mama, ambaye hakuwa ametamka neno tangu jana yake, akainua kichwa akauliza, anaitwa nani?... na hapo ndipo Zita alipaswa kusema, Mama, hakuna mtu, ni simu, ni zile nyimbo za Vocaloid, mashine tu, unaiandikia maneno na namna ya kupanda na kushuka nayo inaimba, Wajapani ndio walioitunga, yule binti hana mwili, hana kwao... lakini aliona uso wa Mama umepata damu kidogo, akafumba mdomo, na amefumba mpaka leo Alhamisi, miezi kumi na moja, jua la saa nne, yeye na Mama wamesimama pande mbili za kichanja cha kuanikia wanatoa kahawa mbovu, hedifoni ya Wendelin iko sikio lake la kushoto kwa sababu upande wa kulia ulikufa zamani, ndiyo maana alikuwa akifungulia simu kwa sauti, ndiyo maana shangazi akasikia, laiti angenunua nyingine... hiyo nyeusi umeipita, Zita, anasema Mama, naam Mama, anaitoa, anaitupa, wimbo wa saba unaanza, wa mwisho kwenye orodha, hajawahi kuufikia, kila mara huishia wa sita, akiogopa kwamba baada ya wa saba Wendelin hatakuwa na jipya la kumwambia, na leo sijui kwa nini kidole hakikuzima.

Orodha yenyewe iko mfukoni, karatasi ya kule Ngaka alikokuwa akipima malori ya makaa, penseli, herufi zake za kulalia nyuma, Nyimbo za Vocaloid kwa kijana asiye mtoto tena, zimependekezwa nami Wendelin kwa dada yangu Zita anapotimiza miaka ishirini, kana kwamba ni tangazo la parokia, wa kwanza ni wa kuanzia, mwepesi, usikilize ukiteremka, ukipanda mlima utachoka bure, wa pili una kasi ya mashine ya kukoboa, usihangaike na maneno, kaa tu ukobolewe, wa tatu ni wa mtu aliyefeli mtihani na anaona haya kurudi kwao, si wa mtoto wa darasa la saba, wa nne mashine inajijua kuwa ni mashine na inamwomba mwenye kompyuta asiifute, wa tano uuache mpaka siku utakayoachwa na mtu... maana zote alizitafuta mwenyewe, tafsiri za Kiingereza na kamusi iliyotoka jalada, jumla maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia mtu yeyote kwa mdomo, kwa sababu mdomo wake ulikuwa na kigugumizi, shuleni wakimwita Trekta, trekta limekwama, sukumeni jamani!, naye anacheka nao, akifika nyumbani anakaa nyuma ya jiko, na siku alipompigia Zita wimbo ule wa kwanza alimwambia, msi-msikilize, hu-huyu hakwami... sikio limejaa sasa, sauti ile nyembamba inapanda mahali ambapo koo la mtu lingepasuka, haipasuki, na kwenye karatasi mbele ya namba saba ameandika, huu sina la kusema, sikiliza tu, ndugu yangu, Zita anamjibu moyoni, malaria ilikupanda kichwani siku tatu ukafa, na hata hapo hukuwa na la kusema... Jumamosi, anasema Mama, nimemwekea mkamwana wangu usipa wa mjomba, dagaa wa ziwani, mkavu mzuri, hauna mchanga, na kile kitenge cha buluu, si atakuja Jumamosi?, umempigia?, na Zita anasema, bado Mama, kama anavyosema kila wiki, bado, kwa sababu mazishini baba mkubwa Tobias aliita, mchumba wa marehemu, kama yupo, asogee atie udongo, watu wakageuka kutazama njia, na wakaacha nafasi ya mtu mmoja kati ya Mama na Zita, nafasi tupu, hakuna aliyeikanyaga mpaka kaburi likajaa, na jioni Tobias akamvuta pembeni, wewe ndiye uliyekuwa na siri zake, yuko wapi huyu binti?, akajibu, yuko mbali, ng'ambo, akajiambia kwamba si uongo, yeye anayewasahihisha wajomba tarehe za ubatizo, yeye mwenye daftari la ukoo, ambamo chini ya jina la Wendelin aliandika neno mchumba, akaweka nukta mbili, akashindwa kuendelea... tena Jumamosi watatoa msalaba wa mti waweke wa saruji, kabla padri hajaenda likizo, na nafasi ile wataiacha tena, Mama ameshawaambia waiache... nilikuwa naota ana mimba, anasema Mama, nikasema labda ndiyo maana haji, anaona aibu, ningemlea mimi huyo mtoto, mkono wa Zita unaendelea kuchambua, nzuri, nzuri, iliyotobolewa, nzuri, kisha Mama anasimamisha mikono yake na kusema polepole, si kwa Zita, kwa kahawa, au tuseme alitudharau, sisi wa mlimani, mwaka mzima hata salamu, halafu anasema, labda hakumpenda, mtu mwenye kigugumizi, mwanangu, nani angempenda.

Hapana, hapana, hapana Mama, ndani kwake Zita anapiga kelele na nje anatoa punje moja iliyovunjika, maana alidhani amemwachia Mama kitu cha kushika, kumbe miezi kumi na moja amekuwa akimzika Wendelin upya kila wiki, safari hii kama mtu asiyependwa, kila bado Mama ilikuwa koleo la udongo, binti ambaye hakuwahi kuzaliwa anamdharau kaka yake mbele ya mama yake, na yeye Zita ndiye aliyemleta nyumbani... alipendwa Mama, mimi nilimpenda, akaniandikia karatasi nzima, na nitakapokuambia utampoteza mkamwana, na mjukuu wa ndotoni, usipa utaula mwenyewe, utanitazama kwa macho sijui gani, tena utasema bora ungeniacha, lakini nitakuambia, si Jumamosi, si kesho, wimbo huu ukiisha, bado kama dakika moja, sauti imeshuka sasa, chini kabisa, karibu iseme badala ya kuimba, na Mama ameinamia tena kichanja, jua liko palepale, nyeusi, nzuri, nzuri, na Zita, kwa kuwa ndivyo akili yake inavyojishikilia, anaanza kupanga jinsi atakavyoandika daftarini, kwa wino, bila kuacha pengo: shangazi Kunigunda yu hai, na bado anasimulia. Baba mkubwa Tobias alifariki mwezi wa pili. Mama, Aurelia, yu hai. Mimi ni hai. Wendelin alifariki akiwa na miaka ishirini na minne. Mchumba hakuwahi kuwapo.